Nyumba kandokando ya Ziwa Victoria: vifaa gani vya nje vinadumu, na fedha ianzie wapi

Ukipita barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kuanzia Kisesa, Nyanguge na Kahangara mpaka Magu mjini, zitazame nyumba kwa chini badala ya juu. Juu, bati linang'aa na rangi imekolea. Chini, kimo cha goti kutoka ardhini, lipu imevimba, imebanduka, au imekwisha kabisa na matofali yanamomonyoka. Nyingine ni nyumba za juzi tu.

Wasikilizaji wetu wengi huuliza: "Ninunue rangi gani ili ukuta wangu usiharibike na mvua?" Makala haya yanajibu swali hilo, lakini jibu lenyewe linaanzia mbali na duka la rangi. Katika mazingira yetu ya ziwa, ukuta huanza kufa kwa chini, na paa huanza kufa kwa pembeni. Fedha ya pamba, ya mpunga au ya dagaa haiji kila mwezi, na familia nyingi hupata nafasi moja tu ya kujenga. Mwenye nafasi hiyo moja aiweke fedha kwanza kwenye sehemu hizo mbili. Lipu na rangi zifuate.

Adui wetu ni maji, si chumvi

Ushauri mwingi wa ujenzi unaosambazwa kwenye simu umetoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar. Huko upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula bati, misumari, nondo na bawaba za milango. Ziwa Victoria ni maji baridi, na upepo wake hauna chumvi hiyo. Bati ambalo lingeliwa mapema kando ya bahari linaweza kudumu zaidi hapa. Mtu wa Magu hana sababu ya kulipa bei kubwa kwa kifaa kilichotengenezwa kupambana na bahari.

Sisi tuna maadui wengine wanne. Wa kwanza ni mvua yenyewe, ya vuli kati ya Oktoba na Desemba, na ya masika kati ya Machi na Mei. Wa pili ni upepo wa dhoruba, ambao huilaza mvua ikapiga ukuta badala ya kushuka wima. Wa tatu ni jua, maana tuko karibu na Ikweta: ukuta ulioloa usiku hukaushwa kwa nguvu mchana, na kulowa na kukauka huko ndiko kunakopasua lipu. Wa nne ni mchwa, ambao hupenda mbao yenye unyevu.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi, piga hesabu hii. Milimita 1 ya mvua ikidondoka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua moja ya milimita 30 linamwaga lita 1,800, yaani ndoo 90 za lita 20. Kama paa halina gata, ndoo zote hizo zinadondoka kwenye mstari mwembamba kuzunguka nyumba, zinachimba ardhi na kurusha matope ukutani. Hapo ndipo ukuta unapoanza kufa.

Kabla ya kununua kifaa, angalia ardhi

Wazee wa Kisukuma waliupa kila udongo jina lake, na majina hayo yana faida mpaka leo. Luseni ni udongo wa kichanga wa mwinuko, unaotokana na miamba ya matale. Unapitisha maji vizuri na hauchezi sana, kwa hiyo unafaa kujengea. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanywea na kutoa nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono. Nyumba iliyo juu ya mbuga hupandishwa na kushushwa kila mwaka, na hakuna tofali wala lipu inayoweza kuzuia nyufa zake. Mbuga ni ya mpunga. Nyumba ipande kwenye luseni.

Jambo la pili ni umbali kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wapo wanaoiona sheria hiyo kama usumbufu wa serikali, lakini ziwa lenyewe limeshaeleza sababu yake. Mwaka 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango ambacho kilikaa kama rekodi kwa zaidi ya miaka 50, na mwaka 2020 yalipanda tena yakakifikia na kukipita. Katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, nyumba, mialo na mashamba ya kandokando yaliingiwa na maji. Hakuna kifaa cha ukuta kinachovumilia kusimama ndani ya maji kwa miezi.

Chini ya ukuta: jiwe kwanza

Mkoa wetu una utajiri wa mawe, na Mwanza hata huitwa Jiji la Miamba. Jiwe la matale halinywi maji kama linavyonywa tofali, halioti ukungu, haliliwi na mchwa. Kwa msingi na kwa sehemu ya kwanza ya ukuta inayoonekana, hakuna kifaa kinacholishinda, na katika vijiji vingi liko karibu kuliko duka la saruji.

Ushauri wetu ni huu: jenga kwa mawe na saruji kutoka kwenye msingi mpaka sentimita 45 au zaidi juu ya ardhi, kisha ndipo uanze tofali. Matone yanayodondoka kutoka paani yakigonga ardhi huruka na kulowesha ukuta mpaka karibu na kimo hicho. Kama sehemu hiyo ni jiwe, maji yanaruka bure.

Lakini maji hayatoki juu tu. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Tofali na udongo vina vitundu vidogo sana, na maji huvipanda polepole. Ndiyo sababu ukuta wa ndani, ambao haujawahi kupigwa na mvua, unaweza kuwa na unyevu na rangi inayobanduka kwa chini. Dawa yake ni kukata njia. Juu ya kitako cha mawe, kabla ya kozi ya kwanza ya tofali, tandaza kizuizi cha unyevu kinachopita upana wote wa ukuta bila kukatika. Mafundi huiita dipisii, na inauzwa kwa roli madukani. Ukikosa kabisa, nailoni nzito nyeusi inasaidia kuliko kuacha wazi. Panapoungana vipande viwili, kimoja kilale juu ya kingine kwa sentimita 15 au zaidi.

Kizuizi hiki ni kazi ya saa chache na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nyumba nzima. Ukuta ukishasimama, kukiingiza ni kazi kubwa ya kukata ukuta. Kwa hiyo siku fundi anapoanza kozi ya kwanza, mwenye nyumba awepo.

Mwisho, zungusha nyumba kwa sakafu ya nje ya zege au mawe yaliyopangwa, yenye upana wa sentimita 60 hadi mita 1, na iteremke kwenda nje. Kwa kila mita 1, ishuke sentimita 5. Maji yakidondoka hapo yanakimbia, hayachimbi.

Kuta: tofali lipi?

Matofali ya kuchoma. Haya ndiyo yanayotumika zaidi vijijini kwetu. Tofali lililoiva vizuri linaweza kukaa mvuani miaka mingi hata bila lipu. Tatizo ni kwamba katika tanuru moja si yote yanayoiva sawa. Ya katikati, karibu na moto, huiva. Ya pembeni na ya juu kabisa hubaki nusu mabichi, na mvua huyarudisha kuwa udongo. Ukinunua tanuru zima, yachambue kabla ya kujenga. Yaliyoiva yaende kuta za nje, hasa upande unaopigwa na mvua. Yenye mashaka yaende kuta za ndani. Vipimo vyake havihitaji mashine:

- Gonganisha matofali mawili. Yaliyoiva hulia kama chungu kizuri, mabichi hutoa sauti nzito iliyofifia.
- Kwaruza kwa msumari. Likichimbika kirahisi na kutoa unga, halijaiva.
- Lizamishe ndani ya ndoo ya maji tangu leo mpaka kesho saa kama hiyo. Likilainika pembe au maji yakawa tope, usilipeleke nje.
- Ukiweza kupata mizani, lipime kavu, kisha lipime baada ya kulowa siku nzima. Tofali la kilo 3 lisiongezeke zaidi ya gramu 600. Likizidi hapo linakunywa maji mno.

Kuchoma tofali hula kuni nyingi, na miti ya wilaya yetu imepungua. Panapolimwa mpunga, pumba zake zinaweza kutumika kuchomea na kupunguza kuni.

Jambo jingine ni kinachounganisha matofali hayo. Wengi hujengea kwa tope ili kuokoa saruji. Kama ndivyo, basi kwa nje viungo vijazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga kwa kina cha sentimita 2 hivi, la sivyo mvua ya upepo itanyonya tope lote katikati ya tofali zuri na ukuta utabaki na mashimo.

Matofali ya saruji. Haya ni mazuri yakifyatuliwa kwa haki. Ukifyatua mwenyewe, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 8 za mchanga inatoa tofali la kuaminika kwa ukuta wa nje. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe: mfuko mmoja hautakiwi kupita lita 280 za mchanga, yaani ndoo 14 za lita 20. Ukienda kununua, muulize mfyatuaji anatoa matofali mangapi kwa mfuko, na ulinganishe sehemu mbili au tatu. Anayetoa mengi zaidi kwa mfuko ndiye anayeuza mchanga.

Baada ya kufyatuliwa, tofali la saruji linatakiwa limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi, likiwa kivulini au limefunikwa. Saruji haikauki kama nguo, bali hukomaa kwa kutumia maji. Tofali lililoanikwa juani siku ya kwanza litameguka pembe kwa kidole hata kama lina saruji ya kutosha.

Matofali ya kufungamana. Haya hutengenezwa kwa udongo wenye mchanga, saruji kidogo na mashine ya kushindilia. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, na yanahitaji saruji ndogo sana ya kuunganishia kwa sababu yanashikana yenyewe. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza na kufundisha vikundi kuyatengeneza. Udongo wa kichanga unayafaa, udongo wa mbuga hauyafai. Yalindwe kwa kitako cha mawe na upenu mpana, na upande wa mvua yapigwe lipu au yajazwe viungo.

Ukuta wa tope. Hatutamdharau anayejenga kwa udongo. Babu zetu walijenga hivyo, na walijua siri yake. Katika nyumba ya msonge ya Kisukuma, kama zile za kumbukumbu pale Makumbusho ya Bujora, Kisesa, paa la nyasi hushuka chini na kutoka nje sana. Ukuta wake ni udongo, lakini mvua haiufikii. Matatizo yalikuja tulipobadilisha nyasi kwa bati fupi lililokatwa usawa wa ukuta, na ukuta tukauacha uleule wa udongo.

Ukuta wa udongo uliolowa hauonyi sana kabla ya kuanguka. Mwanzoni mwa Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, Kahama, mkoani Shinyanga, mvua kubwa ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo. Wenye nyumba za tope tunawasihi: ongezeni upenu, wekeni mfereji wa kuondoa maji, na ukuta uliolowa ukaanza kuvimba au kulala upande mmoja, watoto wasilale karibu nao usiku huo.

Lipu na rangi

Lipu ngumu ya saruji juu ya ukuta laini wa udongo ni kosa linaloonekana zuri kwa mwaka mmoja. Saruji haichezi, udongo unacheza, kwa hiyo lipu inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, yanashindwa kutoka, na ukuta unageuka tope nyuma ya lipu bila mtu kuona. Ukuta wa udongo upakwe udongo: mchanganyiko wa udongo wa kichanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, na juu yake chokaa. Utarudiwa kila baada ya msimu au miwili, lakini utaona tatizo mapema na utalirekebisha kwa mikono yako.

Kwa tofali la kuchoma au la saruji, lipu ya nje iwe sehemu 1 ya saruji kwa 5 au 6 za mchanga. Pakiwa na chokaa ya ujenzi, sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga hutoa lipu inayoshika vizuri na isiyopasuka ovyo. Lipu yenye saruji nyingi mno si imara zaidi. Hunywea na kupasuka. Loanisha ukuta kabla ya kupiga, na imwagilie lipu maji kwa siku 7.

Pima mchanga pia. Weka mchanga kwenye chupa ya kioo kimo cha sentimita 10, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Juu ya mchanga kutakaa tabaka la tope laini. Likizidi milimita 6, mchanga huo uoshwe kwanza au utafute mwingine. Na usichimbe mchanga ufukweni kwa kujificha: unavunja sheria, na unalisogeza ziwa karibu na nyumba za jirani zako.

Sasa rangi. Rangi nzuri ya nje inakinga mvua ya upepo na jua, lakini haiwezi kuzuia maji yanayopanda kutoka chini. Ukipaka rangi ya mafuta kwenye sehemu ya chini yenye unyevu, maji yatakosa pa kutokea na yataisukuma itoke kama malengelenge. Kwa ukuta wenye unyevu, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta kwa sababu inaruhusu ukuta kupumua. Kwa ukuta mkavu, tumia rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Lipu mpya iachwe wiki nne au zaidi kabla ya kupakwa.

Paa: namba ya bati na mambo yanayosahaulika

Unene wa bati hupimwa kwa geji, na namba zake zinachanganya: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Kwa nyumba ya kuishi katika eneo lenye dhoruba na mvua ya mawe, tafuta geji 28 au 30. Geji 32 iende kwenye banda au choo cha nje. Wauzaji wengine huandika 30 kwenye bati la 32, kwa hiyo tafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linganisha uzito wa mabati mawili, na dai risiti iliyoandikwa geji.

Kuna bati lililopakwa zinki peke yake, na kuna lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. La pili hudumu zaidi mvuani. Lakini lina udhaifu mmoja ambao wafugaji wa Magu wanapaswa kuujua: halipatani na hewa kali ya mkojo na samadi. Usiezeke nalo zizi lililofungwa au banda la kuku. Halipendi saruji mbichi pia, kwa hiyo fundi wa lipu akilidondoshea, lioshwe hapohapo.

Mengi yanayoua bati hutokea siku ya kuezeka:

- Mabati yaliyopangwa yakiwa yamelowa huota ukungu mweupe na kuanza kuliwa kabla ya kupanda juu. Yahifadhi pakavu, yainuliwe kutoka sakafuni.
- Kukata kwa mashine ya umeme huunguza kinga ya pembeni na kutawanya chembe za chuma zinazoota kutu. Tumia mkasi wa bati.
- Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, siyo kwenye bonde linakopita maji, na uwe na mpira wake.
- Bati la juu lilale juu ya la chini kwa sentimita 15 au zaidi, na viungo vya pembeni viangalie upande ambao upepo wa dhoruba hautokei.
- Mteremko usiwe mdogo. Kwa kila mita 1 ya upana, paa lipande sentimita 27 au zaidi.

Upepo hauondoi bati peke yake mara nyingi. Unaondoa paa na mbao zake. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au ukanda wa chuma uliozamishwa kozi kadhaa chini, au ndani ya linta. Msumari mmoja uliopigwa kwenye ubao uliolala juu ya ukuta hauzuii kitu.

Upenu na gata

Kama una fedha ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza upenu. Paa litoke nje ya ukuta kwa sentimita 60, na upande unaopigwa sana na mvua litoke sentimita 75 hadi 90, likishikwa na nguzo za kibarazani ikibidi, maana upenu mrefu usioshikwa vizuri hubebwa na upepo. Kujua upande huo si kazi: mvua ijayo ya dhoruba, tazama ukuta upi unalowa kwanza.

Gata linapokea zile ndoo 90 na kuzipeleka kwenye tangi. Linalinda ukuta na kumpunguzia mama na watoto safari ya kisimani. Literemke kidogo kuelekea tangi, na liwe na nafasi ya kutosha. Gata lililoziba kwa majani ni baya kuliko kukosa gata, kwa sababu linamwaga maji yote sehemu moja, mara nyingi juu ya ukuta.

Mbao, milango na madirisha

Mbao ya kwanza kuoza ni ubao wa ukingoni mwa paa na vichwa vya mbao vinavyotokeza nje. Nunua mbao zilizotiwa dawa kiwandani, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijani, na kila ukikata upya, paka dawa sehemu uliyokata, kwa sababu maji huingia kwenye kichwa cha mbao zaidi ya ubavuni. Mbao na nguzo za kibaraza zisiguse udongo. Zisimame juu ya kitako cha zege, zikishikwa na chuma. Mabaki ya mbao hizo yasichomwe jikoni, moshi wake una sumu.

Mlango wa chuma huoza kwa chini, maji yanaposimama kwenye fremu. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, ndani na nje, na upitishe sehemu ya chini mara mbili. Chini ya kila dirisha weka kizingiti kinachotokeza nje na kuteremka, ili maji ya kioo yadondoke mbali badala ya kufuata ukuta.

Fedha ikiwa ndogo, mpangilio uwe huu

1. Ardhi iliyoinuka na kitako cha mawe.
2. Kizuizi cha unyevu.
3. Bati la geji nzuri, lililofungwa vizuri, na upenu mpana.
4. Sakafu ya nje na mfereji wa maji.
5. Gata na tangi.
6. Lipu upande wa mvua.
7. Lipu pande nyingine, na rangi.

Nyumba ikisimamia hapo kwenye namba 4, bila lipu wala rangi, inaweza kusubiri msimu mwingine wa pamba bila kupata madhara makubwa. Nyumba iliyoanza na namba 7 na kuruka ya kwanza itadai fedha kila mwaka.

Kwa aliyekwisha kujenga, bado kuna la kufanya. Sakafu ya nje, mfereji na gata vinaweza kuongezwa wakati wowote. Udongo uliopanda ukutani kwa miaka ya kufagia uondolewe mpaka kitako kionekane.

Kalenda yake ni rahisi. Septemba, kabla ya vuli, panda juu ukaze misumari, safisha gata na uzibe nyufa. Februari, kabla ya masika, rudia kazi hiyo. Juni, ardhi ikikauka, zunguka nyumba nzima ukitazama kimo cha goti kwenda chini, na rekebisha ulichokiona kabla hujanunua kopo la rangi.